Uje Bila Shanga

Mimi ni mtu mwenye wivu, na nalisema hapa mwanzoni ili msomaji asije akanionea huruma njiani halafu akaijutia. Kuna watu wivu wao huja na kupita kama mafua. Wangu nililala nao na kuamka nao tangu siku niliyooa, na kazi yangu ndiyo iliyoulisha. Nilikuwa fundi cherehani Tunduma, kwenye baraza ya duka la mzee mmoja mtu wa Tanga, kando ya barabara iendayo mpakani. Wanawake wa kwetu na wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, walinijia na vitenge vyao, nami niliwazungushia futikamba kifuani, kiunoni na kwenye nyonga, nikaandika vipimo kwa chaki. Nilijua mkono wa mwanamume unawaza nini unapozunguka kiuno cha mke wa mtu. Kwa kuujua wangu, nilidhani nimeijua mikono yote ya dunia.

Mke wangu yeye hakuwa na wivu hata wa dawa. Alikuwa Mnamwanga wa Msangano, kwao ulezi na ufuta. Mimi Mnyiha wa Mbozi, kwetu kahawa. Siku moja alipita barazani na beseni lake la karanga kichwani, akanikuta nimepiga magoti mbele ya mama mmoja wa Nakonde, nampima urefu wa sketi. Akasimama, akatazama, akasema, "Fundi, hapo nyuma umempunja." Akaenda zake akicheka. Liliniuma jambo lile. Nilitaka naye aone wivu kidogo, angalau kwa adabu.

Maumivu yalimwanza katika ile miaka ya foleni, baada ya vita, wakati sabuni ilikuwa kitu cha kunong'onezana. Yalianzia ubavuni, upande wa kushoto, yakashuka kuelekea kinenani. Yakimshika aliuacha mwiko ndani ya sufuria, akapiga magoti na kukumbatia mguu wa meza mpaka yapite. Kisha mkojo ukawa mwekundu. Tukaenda zahanati. Mganga wetu, mtu mpole mwenye miwani, alimgonga mgongoni kwa ubavu wa ngumi, mke wangu akaruka kama aliyeguswa na moto. Mganga akasema dalili zote ni za jiwe, ama lingali kwenye figo ama limekwama njiani, na kwamba jiwe la namna hiyo likiachwa muda mrefu huiua figo. Lakini hawezi kulijua lilipo bila picha ya eksirei. Tunduma haikuwepo. Akatuandikia barua ya kwenda hospitali moja ambayo jina lake naliacha, mwendo wa nusu siku kwa basi.

Kisha akatufundisha mambo ya kujua kabla ya picha. Nayakumbuka yote, maana nimekuwa na miaka mingi ya kuyarudia. Jioni ya kuamkia siku hiyo asile kitu kizito, uji tu. Halafu anywe mafuta ya nyonyo, kwa sababu choo na hewa tumboni huingia kwenye picha na kulificha jiwe. Asubuhi asile. Akifika aseme kama ana mimba, au hata akihisi tu kwamba huenda anayo, kwa maana mionzi ile si ya kumchezea mtoto aliye tumboni. Akiambiwa asitikisike, asitikisike. Akiambiwa abane pumzi, abane. Na avue kila kitu kuanzia kifuani hadi mapajani: mkufu, pini, zipu, nguo yenye vifungo.

"Na shanga, mama," akaongeza, akiandika bila kuinua kichwa. "Shanga za kiunoni hutoka kwenye picha kama mawe."

Hapo masikio yangu yakaziba. Shanga! Amejuaje? Za mke wangu zilikuwa nyuzi tatu, alivalishwa na shangazi zake alipokuwa anakuja kwangu, na mmoja wa mashangazi hao alimwambia mbele yangu kwamba hizo ni za macho mawili tu. Akili iliniambia kwamba mganga humwambia hivyo kila mwanamke anayekwenda kupigwa picha. Wivu ukaniuliza: na kama si kila mwanamke? Nikautazama ule mkono unaoandika, nikauchukia bila kosa.

Tulifika siku moja kabla, tukalala kwa binamu yangu aliyekuwa akiishi karibu na hospitali. Asubuhi nilipotoka kunawa uso nilirudi nikamkuta mke wangu ameketi ukingoni mwa kitanda, anafungua fundo la uzi wa shanga.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Mganga si kasema?"

"Mganga ana mke wake. Akamwambie huyo avue."

"Baba watoto, ni picha. Wanatafuta jiwe."

"Picha haijipigi. Inapigwa na mtu. Sasa wewe unavua shanga unampelekea nani kiuno kitupu? Ukizivua hizo, tunarudi Tunduma na basi la saa nne."

Alinitazama. Alikuwa hajala tangu jana, mafuta ya nyonyo yalikuwa yamemsomba tumbo, na kwa jinsi alivyoinamia upande nilijua ubavu umeanza tena. Alihitaji ile picha kuliko alivyohitaji kushindana nami. Akalifunga fundo, akateremsha gauni. Na mimi, niandike ukweli, nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi barazani kwa balozi wa nyumba kumi.

Chumba cha eksirei kilikuwa mwisho wa ukumbi, na nje yake palikuwa na benchi refu lililojaa watu: mikono na miguu iliyovunjika, vifua vinavyokohoa, bibi mmoja mwenye bandeji kichwani. Mpiga picha alitoka kutuita. Alikuwa mwanamume wa rika langu, koti jeupe limepigwa pasi, kucha zimekatwa, na alinukia sabuni. Mwaka ule, sabuni! Nilimchukia kwa sabuni ile kabla hajafungua mdomo. Alipoufungua ikawa mbaya zaidi.

"Karibu, dada," akamwambia mke wangu.

Dada! Undugu huo ulizaliwa wapi, Msangano au Mbozi?

Akasoma barua ya mganga, akaanza maswali. Amekula? Hajala. Ana mimba? Hana. Ana uhakika? Mara ya mwisho kuziona siku zake ilikuwa lini? Mke wangu akamjibu bila kusita, akataja siku. Mimi nilikuwa nimekaa naye miaka kumi sijawahi kumuuliza swali hilo, na mtu wa kwanza kupewa jibu lake alikuwa huyu wa sabuni.

"Una kitu chochote cha kuvua? Mkufu, pini, shanga?"

"Hana," nikasema.

"Namuuliza mgonjwa, mzee."

"Mimi ndiye mume wake. Hana kitu."

Yule bwana akamgeukia mke wangu. Mke wangu alikuwa akitazama sakafu. Mlangoni kulikuwa na watu kumi na wawili kwenye benchi, na mwanamke wa kwetu hamkani mumewe mbele ya watu kumi na wawili. Mpiga picha akangoja kidogo, halafu akafungua mlango.

Siku hizi mashine zimekuwa kubwa. Mtu analazwa akaingizwa ndani ya duara, anapigwa picha vipande vipande kama mkate. Wanaiita siti skani. Nasikia maswali ni yale yale. Basi kama kuna mume anayesoma haya, ushauri wangu ni huu: ukimsindikiza mkeo, shika mkoba wake, na mdomo wako uufunge. Swali la mgonjwa mwachie mgonjwa.

Mimi sikuufunga. Nilitaka hata kuingia naye. Mpiga picha akanizuia, akasema mionzi haina ndugu, anayebaki ndani ni mgonjwa peke yake, yeye mwenyewe husimama nyuma ya ukuta wenye madini ya risasi. Sikuamini. Nilijiuliza ni mwanamume gani anayeachiwa chumba na mwanamke halafu akasimame nyuma ya ukuta. Mlango ukafungwa, nikabandika sikio.

"Lala chali, dada. Usogee kidogo. Hapo hapo, vizuri. Vuta pumzi. Bana. Usitikisike."

Na mimi nje nikabana pumzi pamoja naye, jasho likinitiririka shingoni, mpaka aliposema, "Achia."

Mke wangu akatoka, akaketi kando yangu. Baada ya kama robo saa mpiga picha akatokea akiwa ameishika filamu mbichi kwenye fremu yake, inadondosha maji. Ndani ya chumba chake kulikuwa na giza, kwa hiyo akaja nayo dirishani, palepale ukumbini, akaiinua kwenye mwanga.

Niliuona uti wa mgongo wa mke wangu, na mbavu, na nyonga. Na kukatiza katikati, nyeupe kuliko mifupa, nyuzi tatu za shanga, punje kwa punje, unaweza kuzihesabu.

"Ee, mama yangu," akasema bibi mwenye bandeji. "Hizo ni nyuzi tatu kamili."

Benchi zima likasimama, hata wa mguu uliovunjika. Mwanamume mmoja, dereva kutoka ng'ambo ya mpaka, akasema kwa heshima ya kwao, "Mukwai, mwenye mke huyu halali njaa," wakacheka wote. Nilikuwa nimekataa macho ya mtu mmoja aliye kazini, nikazitundika zile shanga dirishani kwa watu kumi na wawili.

Mpiga picha peke yake hakucheka. Alikunja uso.

"Kama jiwe lipo, lipo nyuma ya hizi," akasema. "Hapa kila kitu ni duara jeupe, daktari atasoma nini? Nani alisema hana kitu?"

Nilijua jibu. Ulimi ulikuwepo kinywani. Mke wangu akasema, "Ni mimi. Nimezizoea mno, nikasahau kama ninazo."

Yule bwana akaniangalia, si kwa muda mrefu. Kisha akatueleza kwamba filamu ile ndiyo ilikuwa ya mwisho ya ukubwa ule. Zilizobaki zilikuwa ndogo, za mikono na miguu. Zikifika nyingine atamwandikia. Akachukua anwani yetu, ambayo ilikuwa sanduku la barua la yule mzee mwenye duka, maana sisi hatukuwa na letu. Tukarudi Tunduma. Ndani ya basi nilimnunia mpiga picha njia nzima, kana kwamba yeye ndiye aliyefunga lile fundo asubuhi.

Zikapita wiki tano. Mke wangu aliacha kuuza karanga kwa sababu hakuweza tena kujitwisha beseni. Alikunywa maji kama alivyoagizwa, alikunywa na mizizi aliyoletewa na mama yake kutoka Msangano, na kila jioni aliniuliza swali moja: "Barua imekuja?"

Ikaja. Mzee mwenye duka alinikabidhi pamoja na vifungo nilivyomwagiza. Bahasha ilikuwa na jina la mke wangu, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma. Nikaifungua mimi. Ilikuwa fupi, na naweza kuiandika hapa yote:

"Dada, salamu. Filamu zimefika na zako nimekuwekea. Uje Jumanne. Usile kitu tangu jioni, unywe mafuta kama mwanzo. Uje bila shanga. Usikose, nakusubiri."

Leo nikiisoma kichwani naona maagizo ya mtu wa hospitali kwa mgonjwa wake. Siku ile niliifumua neno kwa neno kama mshono mbaya, na kila uzi ulinipa jambo. Dada. Nakusubiri. Uje bila shanga. Na hilo la kuwekea ndilo lililonimaliza. Miaka ile mtu alimwekea nani kitu? Sukari ikifika duka la ushirika, unamwekea mkeo, mama yako, na yule unayemtaka. Hakuna aliyemwekea mtu baki hata njiti ya kiberiti. Na huyu amemwekea mke wangu filamu.

Nikaikunja, nikaitia kwenye mfuko wa koti nililokuwa nalishona, likaning'inia ukutani nyuma ya cherehani. Nikajiambia nitampa kesho, nikishapoa.

"Barua imekuja?" akaniuliza jioni ile.

"Bado."

Jumanne ikapita. Ikapita ya pili. Ukishasema "bado" mara moja, ya pili inakuwa rahisi, na ya tatu inatoka yenyewe. Nilimwona akiamka asubuhi akishika ukuta. Nilimwona akikunja uso anapoinama kuwasha moto. Mtu ataniuliza, ulikuwa humpendi? Nilimpenda hata nikaona afadhali aumwe mbele yangu kuliko apone mbele ya mwingine. Sijapata namna ya kuliandika hili likawa zuri, kwa hiyo naliacha lilivyo.

Ilikuwa wiki ya tatu tangu barua ifike. Mchana wa jua kali alikuja mwenyewe barazani, amejifunika blanketi, anatetemeka, meno yanagongana. Wateja wakampisha. Akaniambia, "Nipeleke. Hata kama hakuna picha, nipeleke tu."

Dereva wa lori la mahindi alituchukua, mke wangu mbele kando yake, mimi juu ya magunia. Tulipofika hospitali, mtu wa kwanza kumwona ukumbini alikuwa yule yule wa koti jeupe. Akaja mbio.

"Dada, mbona umechelewa hivi? Nilikuandikia, yapata wiki tatu. Filamu zako nimezificha kabatini, nimegombana na watu kwa ajili yako."

Nilikuwa nyuma ya mke wangu, nimeshika bunda la nguo. Hakugeuka kunitazama. Alinyamaza kwa muda wa pumzi moja iliyobanwa, na katika kimya kile nilijua kwamba ameshajua, tangu mwanzo hadi mwisho, hata bila kuliona lile koti.

"Barua ilichelewa," akasema. "Mambo ya njiani."

Safari hii alivua mwenyewe, na maswali alijibu mwenyewe. Kulikuwa na swali jipya, kwa sababu picha ilitaka sindano ya dawa inayopita kwenye figo na kuzing'arisha: je, kuna dawa au sindano iliyowahi kumvimbisha au kumbana kifua? Alijibu kwamba hakuna. Aliambiwa mwili utapata joto ghafla na mdomo utakuwa na ladha kama ya chuma, asiogope. Nilikuwa kwenye benchi wakati huo, na hakuna aliyenikataza kubandika sikio mlangoni. Sikubandika.

Daktari alituonyesha picha chumbani mwake. Jiwe lilikuwa dogo kama punje ya hindi, limekwama kwenye mrija chini ya figo, mahali hasa palipopita uzi wa juu wa zile shanga. Figo ya kulia ilikuwa imeng'aa vizuri. Mahali pa kushoto palikuwa peusi. Akasema imejaa usaha, imekufa, itabidi itolewe. Akasema kwamba wangelijua mapema wangetoa jiwe tu, figo ikabaki. Alisema kwa upole, bila kumlaumu mtu, akaenda kuandaa chumba cha upasuaji.

Alipona. Binadamu anaishi na figo moja, na yeye aliishi, akarudi kwenye karanga zake. Barua niliichoma kwenye makaa ya pasi nikiwa peke yangu barazani. Nilimngoja aniulize. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa machozi, kwa wazee kutoka Msangano kuja kumchukua binti yao. Hakuuliza. Alinipikia, alinifulia, akafurahi na watoto, na nilipopima wanawake barazani aliendelea kupita na kunitania kwamba nimewapunja. Nikadhani nimesamehewa.

Baada ya miaka kama mitatu, nilirudi nyumbani saa moja jioni nikamkuta yeye na dada yangu, wifi yake, wanavua viatu mlangoni. Wote wawili walikuwa na vumbi la safari, na wanacheka jambo lao. Waliposikia hatua zangu kicheko kikapungua.

"Mmetoka wapi?"

Dada yangu akamtazama mke wangu, akachukua ndoo, akaenda kisimani.

"Hospitali," akasema mke wangu. "Huku kulia kulikuwa kunauma tangu mwezi uliopita, nikaona nikapigwe picha. Hakuna kitu. Figo ni nzima."

Tangu mwezi uliopita! Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja. Kila asubuhi nilimuuliza ameamkaje, akaniambia salama. Na muda wote huo dada yangu alikuwa anajua panapouma, tangu lini, panauma vipi. Nilimwonea wivu dada yangu wa tumbo moja kuliko nilivyowahi kumwonea mwanamume yeyote, na safari hii sikuwa na kosa la kumshika nalo.

"Mbona mimi hukuniambia?"

Hakukasirika. Alikuwa amechoka, ana njaa, maana alikuwa hajala tangu jana. Alinisogezea kigoda, akafunua chungu kuona kama mboga waliyopika watoto ingali ya moto.

"Nilitaka picha itoke," akasema.